Daftari la Dagaa

Tuliondoka bandarini saa moja asubuhi,
mimi na usukani, shangazi Ersilia na daftari
alilolifunga kwa uzi wa kushonea nyavu.
Jalada lake bado linanuka chumvi
ingawa aliyeliandika huu ni mwaka wa tisa hayupo.

"Leo matembezi," nilimwambia. "Tutaona mandhari."
"Mandhari utaona wewe. Mimi nadai."

Bahari ikabaki nyuma kwenye kioo,
ikapungua kila kona: sahani, kisosi,
mstari wa buluu, kisha mlima ukaumeza.
Pande zote mizeituni imepanda ngazi
za mawe yaliyopangwa bila saruji.
Njia hii marehemu Tobia aliipanda na baghala,
baadaye na pikipiki ya magurudumu matatu,
mapipa ya dagaa wa chumvi yakigongana nyuma,
akiwauzia watu wanaoiona bahari kila siku
na hawajawahi kuigusa.
Waliokosa fedha, aliwaandika.

Kijiji cha kwanza, Borgoselva,
kimekaa juu ya jabali kama kofia iliyovaliwa upande.
Vichochoro vimefagiwa, milango imepakwa rangi.
Shangazi akasoma: "Ndugu wawili Oddone,
kilo sita, lira elfu nne."
Nyumba ya kina Oddone sasa inauza sabuni ya lavenda.
Msichana wa dukani akatupa kipande cha kujaribia,
akatutakia mapumziko mema.
Shangazi akakinusa, akakitia mkobani,
akaandika mbele ya jina: *sabuni moja.*

Cha pili hakina duka. Kina kengele,
paka watatu, na makaburi
yenye mandhari kuliko hoteli yoyote ya pwani.
Wadaiwa wanne tuliwakuta humo, wamepangwa ukutani,
kila mmoja na picha yake kwenye kigae cha mviringo,
wamevaa tai, wamechana nywele,
kama waliojiandaa kutupokea kwa udhuru.
Dawa ya deni kulipa, wanasema;
hawakusema nani ainywe mgonjwa akishalala.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa,
akafuta jina moja moja, polepole,
kama anayepangusa makombo mdomoni mwa mtoto.
Tukala mkate na jibini palepale juu ya ukuta.

Cha tatu, Castelsordo, gari halifiki.
Ngazi mia moja arobaini na tatu; alizihesabu kwa sauti
na kuzilaani zilizovunjika.
Juu kabisa, bibi mmoja anamenya maharage mlangoni.
Wakati wa baridi hubaki watu watano, alisema,
na meya wao ni yeye, ila hajapigiwa kura.

"Wewe ni Amabile Rebaudo?"
"Ndiye. Na wewe una macho ya mtu anayetaka fedha."
"Kilo mbili. Lira elfu moja na mia tatu. Mwaka wa mafuriko."
Mikono ya bibi haikusimama.
"Fedha hiyo haipo tena duniani. Na dagaa wenyewe
walikuwa na chumvi hata mbuzi alikataa.
Tukianza kudaiana, mdaiwa ni Tobia wako:
mara kumi na moja alilala kwenye ghala langu la nyasi,
na blanketi, na supu ya moto.
Kila radi ilipopiga alikuja kubisha
akitetemeka kama kifaranga,
akisema mwenye hofu ni baghala."

Kimya. Kengele ya bondeni ikagonga saa tisa,
halafu ikarudia, kama kengele za huko zinavyofanya,
kwa ajili ya wasiosikiliza mara ya kwanza.
Shangazi akavuta kigoda, akaketi, akachota maharage.
Wakamenya mpaka bakuli likajaa,
jua likihama paa kwa paa.

Tulipoteremka bahari ilianza kurudi,
mstari, kisosi, sahani.
Daftari lilikuwa mapajani, wazi;
uzi wake umefunga mfuko wa maharage.
Kona ya nane, au ya tisa, akasema,
si kwangu, kwa kioo cha dirisha:

"Miaka arobaini na miwili, kitanda kimoja.
Radi ikipiga, mimi ndiye niliyejificha kwapani mwake.
Hata siku moja hakutikisika."